Kidonda cha msamba: Atakavyojitunza mama baada ya kujifungua

MAMA anaporejea nyumbani na mtoto mchanga, macho ya wote humwandama mtoto. Majirani huja na unga na sukari, wazee huuliza jina, na akina mama wenzake humwuliza kama maziwa yametoka. Ni nadra mno kumsikia mgeni akimwuliza iwapo anaweza kuketi. Ilhali wanawake wengi wanaojifungua kwa njia ya kawaida, hususan wanaozaa kwa mara ya kwanza, hurudi nyumbani na kidonda ambacho hakuna anayekiona, nao wenyewe hawakitaji.

Kidonda hicho huwa katika msamba, yaani sehemu iliyo baina ya uke na njia ya haja kubwa. Neno hili limenitia katika mabishano chumbani mwa habari zaidi ya mara moja. Waandishi chipukizi huleta makala wakiwa wameandika "sehemu za siri", nami huwarejeshea. Sehemu za siri ni zaidi ya moja, na mama asiye na jina la mahali panapomuuma atamweleza muuguzi nini? Kiswahili kinalo neno, tena la staha. Hata wanasarakasi wanaotandaza miguu chini husemwa kuwa wanapiga msamba.

Kinavyotokea

Kichwa cha mtoto kinapotokeza, ngozi na misuli ya msamba hunyumbuka kupita kiasi chake cha kawaida. Mara nyingine huchanika. Uwezekano huwa mkubwa zaidi kwa mzazi wa kwanza, kwa mtoto mwenye uzani wa zaidi ya kilo 4, kwa mtoto aliyetazama juu badala ya kutazama mgongo wa mama, na pale daktari anapolazimika kumvuta mtoto kwa koleo.

Wataalamu hugawa michaniko hiyo katika daraja 4. Daraja la kwanza ni ngozi tu, na aghalabu hupona bila hata kushonwa. La pili hufika kwenye misuli ya msamba na huhitaji nyuzi. La tatu hugusa msuli unaofunga na kufungua njia ya haja kubwa, na la nne hupenya hadi utando wa ndani wa njia hiyo. Haya mawili ya mwisho hayatokei kwa wengi, lakini yanapotokea yapaswa kushonwa na daktari mwenye ujuzi, katika chumba cha upasuaji, siyo kwa haraka haraka kitandani pa kujifungulia.

Kuna pia wanaokatwa na mkunga kwa makusudi ili njia ipanuke. Mkato huo ni sawa na mchaniko wa daraja la pili na hutunzwa vivyo hivyo. Zamani ilikuwa desturi katika hospitali nyingi kumkata kila anayezaa kwa mara ya kwanza. Mnamo 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema bayana kwamba halipendekezi mkato huo ufanywe kama mazoea. Ufanywe tu panapokuwa na sababu, na mama aelezwe na kukubali. Kadhalika, ni haki yake kupewa dawa ya ganzi kabla ya kukatwa na kabla ya kushonwa. Anayehisi sindano ikimchoma na aseme papo hapo aongezwe ganzi. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Kabla ya kutoka hospitalini, mama aulize maswali mawili: nimechanika kwa kiwango gani, na je, nyuzi hizi huyeyuka zenyewe? Siku hizi nyuzi nyingi huyeyuka na hazihitaji kutolewa. Asiyejua hilo hushtuka anapoona kipande cha uzi kwenye sodo baada ya wiki moja au mbili, akidhani kidonda kimefumuka.

Siku za kwanza

Uvimbe na maumivu huwa makali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo. Ngozi hushikana kwa muda wa takriban wiki 2, nayo misuli ya ndani huchukua kati ya wiki 4 na 6, na zaidi ya hapo kwa daraja la tatu na la nne. Mwasho katika wiki ya pili si jambo la kutia hofu. Mara nyingi ni dalili kwamba kidonda kinafunga. Jambo la kukumbuka ni kwamba maumivu yanapaswa kupungua kila uchao. Yanayopungua kisha yakaanza kupanda tena yana sababu, na sababu hiyo itafutwe.

Kwa uvimbe wa mwanzo, baridi hufaa kuliko joto. Vipande vya barafu vikifungwa katika kitambaa safi na kuwekwa juu ya msamba kwa dakika 10 hadi 20, maumivu hupungua. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja kwani huunguza. Asiye na jokofu anaweza kutumia kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi. Dawa ya kwanza ya kumeza ni parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, kwa mama asiyekuwa na maradhi ya ini. Dawa hiyo haimdhuru mtoto anayenyonya. Aspirini haifai kwa anayenyonyesha, na vidonge vya maumivu vyenye kodeini viepukwe pia kwa kuwa humfikia mtoto kupitia maziwa.

Kuhusu usafi, linalotakiwa si jingi. Ni maji safi. Mama aoshe msamba angalau mara mbili kwa siku na kila baada ya haja, akielekeza maji kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu wa haja kubwa usivutwe kwenye kidonda. Kisha ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi, bila kusugua. Sabuni yenye manukato haihitajiki kwenye kidonda chenyewe. Mikono ndiyo inayohitaji sabuni, tena kabla na baada ya kugusa sodo au kidonda. Wengi huikumbuka ile ya baada, wakaisahau ya kabla.

Mkono mchafu una historia ndefu katika uzazi. Mnamo 1847, katika hospitali kuu ya Vienna nchini Austria, daktari Ignaz Semmelweis aliamuru madaktari waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mama anayejifungua. Walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja katika wodi ya wazazi. Vifo vilivyosababishwa na homa ya uzazi vilipungua ajabu, japo wenzake wengi walimpuuza hadi alipofariki. Kidonda cha msamba ni mojawapo ya milango ambayo viini vya homa hiyo hupitia.

Sodo ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, maana damu ya nifasi ikikaa hupa viini malisho. Kenya iliondoa ushuru wa ziada wa thamani kwa sodo mwaka 2004, lakini bei yake ingali nzito kwa familia nyingi. Anayetumia vitambaa vya pamba au vipande vya leso hana kosa lolote, mradi avifue kwa sabuni na kuvianika juani vikauke kabisa. Hapa ndipo aibu huharibu kazi. Vitambaa hufichwa chini ya kitanda au nyuma ya mlango ili baba mkwe asivione, vikavaliwa vingali na unyevu. Kama haiwezekani kuvianika wazi, vifunikwe kwa leso nyepesi juu ya kamba hiyo hiyo ya nje, kisha vipigwe pasi.

Maji ya chumvi

Hakuna ushauri uliozagaa nchini kuhusu kidonda hiki kama ule wa kuketi katika beseni la maji ya chumvi. Hutolewa na bibi nyumbani na vilevile na muuguzi kliniki. Ukweli wake ni nusu. Maji vuguvugu, baada ya siku ya kwanza au mbili, hutuliza maumivu na kusafisha, na kuketi humo kwa dakika 10 hadi 15 kunaweza kumpa mama nafuu kubwa. Ama chumvi yenyewe, utafiti uliofanywa Uingereza katika miaka ya 1980 uliwalinganisha akina mama waliotia chumvi katika maji ya kuoga na wasiotia, na vidonda havikupona kwa kasi tofauti. Kwa hivyo, aliyezoea kutia kijiko kimoja hajidhuru; aliyekosa chumvi hajakosa dawa.

Madhara huanza pale mtu anapodhani kwamba kingi ni bora. Wapo wanaomimina konzi zima, na wapo wanaochemsha maji hadi yanachoma, wakimwambia mama kwamba asipolia hajapona. Ngozi iliyovimba na kutiwa ganzi huungua kabla mwenyewe hajatambua. Katika nchi za Ghuba, madaktari wa karne iliyopita waliandika kuhusu wanawake waliotiwa mabonge ya chumvi ukeni baada ya kujifungua, uke ukajaa makovu na kusinyaa hata uzazi uliofuata ukawa wa taabu. Beseni nalo liwe la mama peke yake. Lile la kuoshea nepi au vyombo lisitumike.

Spiriti, dawa kali za kuua viini zisizozimuliwa, majivu, samli, mitishamba iliyopondwa na moshi wa kaa la moto havina nafasi katika kidonda hiki. Baadhi huunguza, nyingine huleta viini vipya. Nimewahi kuambiwa na mzee mmoja kwamba wanawake wa zamani walitumia hayo yote na wakaishi. Waliokufa hawakubaki kusimulia.

Hofu ya msalani

Wapo wanaohofia choo kuliko walivyohofia uzazi. Mkojo hutonesha kidonda. Dawa yake ni kunywa maji mengi ili uwe mwepesi, na kujimiminia maji ya vuguvugu kutoka kwenye jagi wakati wa kukojoa. Mama ambaye hajapata mkojo kwa saa 6 tangu kujifungua amweleze muuguzi mara moja, kwa sababu kibofu kilichofura hudhurika.

Haja kubwa huogopwa zaidi. Mama hudhani nyuzi zitakatika, hivyo hujizuia, choo kikakauka na kuwa kigumu, na siku ya tatu au ya nne kikamtesa kweli. Kwenda haja hakufumui nyuzi. Ashikilie sodo safi iliyokunjwa juu ya kidonda anapojikamua, na kama choo ni cha shimo ashike ukuta anapochuchumaa ili asijiangushe kwa uzito wake wote.

Katika chakula, mila zetu zimetusaidia kuliko tunavyozisifu. Uji wa wimbi, njahi, sukuma wiki, viazi vitamu na mapapai ni vyakula vinavyolainisha choo, navyo havina gharama ya kutisha. Kinachomfungia mama choo mara nyingi ni chai na mkate mweupe wa siku nzima, pamoja na uchache wa maji. Vidonge vya kuongeza damu navyo hukausha choo, ila asiviache maana upungufu wa damu huchelewesha kidonda kupona. Aongeze maji na matunda. Aliyechanika kwa daraja la tatu au la nne hupewa na hospitali dawa ya kulainisha choo na viuavijasumu. Azitumie hadi ziishe.

Pwani na arobaini

Miongoni mwa Waswahili wa pwani, kutoka Lamu hadi Vanga, mzazi hupumzishwa kwa siku 40. Hapiki, hafui, hachoti maji. Ukimwuliza tabibu leo kidonda cha msamba kinahitaji nini, atakutajia mapumziko hayo hayo: kulala kwa ubavu, kunyonyesha kwa kulala, kutoketi wala kusimama muda mrefu, kutobeba mtungi wala kuni. Mwanamke wa kijijini anayerudi shambani siku ya tano, na wa jijini anayerudi kibandani mwake cha mboga siku ya saba, hawakosi nyuzi imara. Wamekosa watu wa kuwashika mkono.

Kukandwa kwa maji moto, ambako ni sehemu ya mila hiyo, hakuna ubaya mgongoni na miguuni. Msamba uachwe kando. Mkandaji ajue pia kwamba maji yanayomfaa mzazi ni yale ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyatia kiwiko bila kukiondoa.

Mapumziko hayamaanishi kulala fofofo siku nzima. Kutembea polepole ndani ya boma huendesha damu. Punde maumivu yanaporuhusu, mama aanze kukaza misuli ya nyonga kama anayezuia upepo usitoke, ashikilie kwa sekunde chache, aachie, na kurudia mara 10, kwa awamu 3 kila siku. Zoezi hili hufanyika kitandani, wala hakuna atakayejua.

Dalili za kutosubiri

Wifi yangu alijifungua kifungua mimba wake miaka mingi iliyopita na kuruhusiwa kwenda nyumbani kesho yake, kwa kuwa vitanda vilikuwa haba. Nilipomzuru siku ya sita nilimkuta amesimama dirishani akimnyonyesha mtoto. Nikamwuliza, "Wifi, mbona huketi?" Akanijibu, "Nimechoka kulala tu, dada." Nami nikamwamini. Nilikuwa na digrii na watoto wawili, na nikamwamini. Siku ya tisa mavyaa wangu alinipigia simu kwamba chumba kinafukizwa udi asubuhi na jioni, na kwamba haelewi kwa nini. Udi ulikuwa wa kuficha harufu. Tulimfikisha hospitalini usiku akitetemeka kwa homa, kidonda kimefumuka na kutoa usaha. Alilazwa kwa majuma mawili. Alipopata nafuu alinieleza kwamba alitaka kusema, ila mwenye kumwuliza kila siku alikuwa kaka yangu, na hakujua aanzie wapi.

Kwa hivyo mama na walio karibu naye wajue dalili hizi. Homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, kutetemeka, harufu mbaya, usaha, wekundu unaoenea, au kidonda kuachana, hizo ni dalili za kwenda hospitalini siku hiyo hiyo. Kidonda kilichoachana kwa kawaida husafishwa, mama akapewa viuavijasumu na kikaachwa kijifunge chenyewe, au mara chache kikashonwa upya. Uamuzi ni wa daktari, siyo wa mwenye sindano mtaani.

Nyingine hazingoji hata saa moja. Uvimbe unaokua kwa kasi na maumivu makali kama kwamba kitu kinasukuma kwenye haja kubwa, katika saa za mwanzo baada ya kujifungua, huashiria damu inayovuja chini ya ngozi. Damu inayolowesha sodo nzima kwa saa moja au chini ya hapo, kuzirai, au kupumua kwa shida ni dharura.

Halafu lipo ambalo wanawake hulificha kuliko yote: kutoweza kuzuia upepo au kinyesi, au kuona kinyesi au mkojo ukitokea ukeni. Huenda msuli ulichanika bila kuonekana, au pametokea tundu liitwalo nasuri. Hakuna sehemu ya uzazi inayomtaka mwanamke aishi hivyo. Yote mawili hutibika, aghalabu kwa upasuaji, na zipo hospitali nchini zinazofanya kazi hiyo, ikiwemo Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Gynocare mjini Eldoret. Kuna wanawake walioishi na nasuri kwa miongo, wakikaa nyuma kabisa kanisani au msikitini, kwa kutojua hilo.

Waliokeketwa

Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kovu halinyumbuki kama ngozi nzima, hivyo wao huchanika kwa urahisi zaidi na kwa namna isiyotabirika. Mja mzito aliyekeketwa amweleze mkunga mapema. Aliyekuwa ameshonwa akafunguliwa ili ajifungue asikubali kushonwa tena kama alivyokuwa, hata jamaa wakishurutisha. WHO inapinga jambo hilo. Kingo za kidonda hushonwa kila upande peke yake.

Mume na wiki ya sita

Tendo la ndoa lisubiri hadi kidonda kipone, damu ikome na mama mwenyewe awe tayari. Kwa wengi ni baada ya wiki 6, kwa wengine ni zaidi. Hakuna tarehe ambayo mume anaweza kuizungushia duara kwenye kalenda. Uke wa anayenyonyesha huwa mkavu kuliko kawaida, kwa hivyo kilainishi husaidia, na maumivu yanayoendelea baada ya hapo yana matibabu. Wajue pia kwamba mimba nyingine inaweza kuingia kabla ya hedhi ya kwanza kurudi. Kazi ya mume katika majuma hayo ni kuteka maji, kuyapasha moto na kumshika mtoto mama anapooga.

Ratiba ya kliniki baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, kisha kati ya wiki ya kwanza na ya pili, kisha kati ya wiki ya nne na ya sita. Ile ya wiki ya sita haikosi watu kwa kuwa ndiyo siku ya chanjo ya mtoto. Foleni ni ndefu, mtoto hupimwa uzani, hudungwa sindano, na mama hugeuka kwenda zake. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto anachokishika mkononi kina jedwali la uchunguzi wa mama mwenyewe, na ndani yake pana mstari wa hali ya kidonda cha msamba. Akifunguliwe muuguzi ukurasa huo. Mstari huo ukiwa mtupu, asiondoke kwanza.